Stendi Niliyoiacha Nje

Vijana wangu mnaopiga picha, kila mkija hapa Mtambile swali lenu ni moja. Salamu haijatulia, mshauliza: "Mzee Omar, kamera gani inaona kizani?" Mmesikia kwamba mimi ndiye wa kwanza upande huu wa kusini kuacha aina moja ya kamera na kuhamia nyengine kwa ajili ya kiza, na mnadhani nina siri. Siri ninayo. Ila si hiyo mnayoitaka, na leo nitaitoa yote, maana mikono imeanza kutetemeka na sina tena mteja wa kumfurahisha.

Kwanza niwape mlichokijia, msije mkasema mzee kawazungusha. Ukitaka kuijua kamera kwenye kiza, wachana na maandishi ya kwenye boksi. Nenda jikoni kwenu mchana, funga dirisha, mlango uache wazi kidogo tu. Chukua sufuria lenye masizi uliweke juu ya buibui la mama yako lililokunjwa. Omba ruhusa kwanza, mimi nilifukuzwa na mwiko. Piga bila ya flashi, halafu ikuze picha kwenye kompyuta. Ukiona masizi yanaishia wapi na buibui linaanza wapi, kamera hiyo ichukue. Ukiona weusi mmoja uliojaa chenga, zile punje punje za kiza, irudishe dukani mapema.

Na mjue kuhama si kubadilisha kofia. Lenzi za huku hazivai kule, betri haziingii, flashi haisikilizani na mwili mpya. Hata vidole vinapotea. Miezi mitatu nilikuwa nikitaka kuongeza mwanga naupunguza, na bwana harusi mmoja nilimtoa mweusi mpaka kanzu. Mama yake aliniuliza kama nimempiga yeye au nimempiga kivuli chake. Nilimwomba radhi, nikampa picha kubwa ya bure ya ukoo mzima, akaitundika sebuleni akiwa bado amenuna.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Shaame wa Chake. Yeye alianza tangu enzi za filamu, na maisha yake yote alitumia aina ile ile ya kamera, ndiyo akanirithisha na mimi. Aliposikia nimehama, nilimkuta barazani na wenziwe, nikamsalimia. Akaitikia kwa ncha ya ulimi.

"Nasikia umemwacha," akasema. "Talaka ngapi?"

"Tatu, mwalimu."

"Basi hata kumrejea huwezi."

Baraza zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Yeye hakucheka. Akaniuliza kosa lake nini, nikamwambia kizani hafai, hana macho. Maneno hayo nilishayasema kwa watu wengi mpaka yakanikaa mdomoni vizuri. Nusu yake yalikuwa kweli, na ndiyo maana yalikuwa mepesi kuyasema.

Sasa nisikilizeni.

Asubuhi moja sheha wa kijiji kimoja cha pwani, jina la kijiji nitalihifadhi, alinijia studio amefuatana na askari. Maji yalikuwa yamemtupa mtu ufukweni kwao. Mwanamume kijana, kaptura tu mwilini, hana kitambulisho, na kijijini hakuna anayemjua. Askari alikuwa na simu ya kubonyeza isiyopiga picha. Walitaka nikampige huyo maiti kabla hajazikwa.

Nyinyi mnajua kwetu maiti hawekwi. Kaburi lilikuwa linachimbwa wakati sisi tunazungumza, na sala ilikuwa baada ya Adhuhuri. Sheha aliniambia njiani, juu ya vespa yangu, mdomo karibu na sikio langu: "Omar, watu wake watakuja. Hii leo, kesho, mwezi ujao, watakuja. Na sie uso hatutokuwa nao, tutakuwa na picha yako." Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimepiga picha miaka ishirini na tatu.

Walikuwa wamemweka katika chumba cha nyuma ya msikiti. Dirisha limezibwa kwa gunia, mlango umerudishwa, na watu wawili wameshika shuka juu ya kitanda cha kuoshea ili mwili usionekane. Ndivyo inavyotakiwa na ndivyo nami nitakavyotaka siku yangu. Mwosha alikuwa Mzee Faki, mtu mzima mwenye sauti ndogo. Alikuwa ameshaanza kumwaga maji.

"Mara moja, mwanangu," akaniambia. "Na ulichokiona humu, kibaki humu."

Nikaingiza kichwa chini ya shuka. Hakuwa amekaa sana majini, uso ulikuwa bado uso, ila mawe yalikuwa yamemkwaruza kwenye paji na mashavu. Nikapiga ya kwanza kwa flashi. Uso ulikuwa umerowa, flashi ikaangukia maji, ikarudi nyeupe tupu. Hilo ni somo, lishikeni: ngozi iliyorowa na flashi ya usoni haviwezani. Nikazima flashi, nikapandisha aiso, ule wepesi wa kamera kunyonya mwanga, mpaka mwisho wake, nikapiga nne kwa mkono. Nilipotazama kwenye kioo cha kamera niliona chenga, ndani ya chenga niliona mtu. Nikasema hii inatosha, nitaisafisha nyumbani.

Stendi yangu ilikuwa nje, imefungwa kwa mpira nyuma ya vespa. Ningeweza kwenda kuichukua. Lakini ningelazimika kupita tena katikati ya wanaume waliokaa na tasbihi, nirudi, niwaambie wale wawili wateremshe shuka, Mzee Faki asimame, nikunjue miguu mitatu ya chuma ubavuni mwa maiti kama vile niko harusini. Hata kusema "niondoleeni gunia hilo kwa dakika moja" niliona haya. Nikashukuru, nikatoka. Alizikwa kabla sijafika Mtambile.

Jioni ile nilikaa kwenye kompyuta. Hapa ndipo pa kosa langu, na nawaomba mlisikie kosa lenyewe, si mzee anayelizungumza. Maneno ya Mzee Faki yalikuwa yakinirudia. Sisi tumelelewa kwamba maiti husitiriwa. Ukiona kwake jambo la kuchukiza, hulisemi. Nikajiona na mimi ni mwosha, nimepewa uso wa mtu nimsitiri. Nikapunguza chenga mpaka ngozi ikawa laini. Mikwaruzo ya paji nikaifuta. Ya mashavu nikaifuta. Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na alama nyengine, na hiyo nikaifuta pamoja na nyenzake, sikuiuliza wewe ni nani. Nilipomaliza alikuwa mzuri. Sheha alipoipokea ile picha akasema, "Mashaallah, kama kalala." Nilirudi kwangu nimefurahi, na furaha ile inanitia aibu mpaka leo.

Siku ya kumi na mbili walikuja wanawake wawili kutoka Fundo, kisiwa cha mbele ya Wete. Bi Time na mkwewe Raya. Mtoto wa Bi Time, Haji, mume wa Raya, alikuwa akirudi kutoka dagoni, kambi yao ya uvuvi, na hakufika. Walikuwa wameshazunguka vituo vya polisi na hospitali. Sheha akaniita ofisini kwake, akisema huenda wakataka nakala.

Bi Time aliishika picha kwa mikono miwili akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Aliitazama sana. Halafu akarudi akaiweka mezani, akaisukuma mbele ya sheha kwa kidole kimoja.

"Si wangu."

"Hebu tizama tena, Bi Time," sheha akasema. "Bila ya haraka."

"Mie n'mezaa, sheha, sikuokota. Wangu ana kovu hapa, juu ya nyusi ya kushoto. Ndoana ilimchana akiwa mdogo, daktari akalishona likakaa namba saba. Huyu hana. Huyu kijana wa watu, Mungu amrehemu. Wangu yuko hai."

Sheha alimtuma mtu kumwuliza Mzee Faki. Jibu likarudi kwamba majeraha yalikuwa mengi, na mwosha hahesabu. Raya alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka. Alikuwa mtoto mtoto bado, hajafika hata miaka ishirini na mbili. Bi Time alipompa picha aliishika kidogo tu. Aliinua uso akanitazama mimi, akanitazama muda mrefu kuliko ilivyo desturi mwanamke wa kwetu kumtazama mwanamume asiyemjua, na mimi nikainamia mkoba wangu nikatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Neno moja lilitosha. "Picha hii nimeisafisha." Maneno matatu, haya. Sikuyasema. Nilikuwa najiambia sina hakika, huenda ile alama ilikuwa jeraha kama mengine, nitamvunja mama wa watu kwa dhana. Nilikwenda nyumbani nikaifungua picha ghafi, ile isiyoguswa. Juu ya nyusi palikuwa na weusi wenye chenga na kitu ndani yake. Ningeweza kukiongezea mwanga nikione. Niliifunga kompyuta. Niliogopa, wanangu. Niliogopa kuitwa mtu aliyefuta uso wa maiti.

Mwezi uliofuata niliuza kamera na lenzi zote nikahamia aina nyengine. Mkitaka kujua kwa nini Omar alihama, ndiyo hiyo. Nilitafuta wa kumtwisha, na kamera haina mdomo.

Ile mpya ilikuwa hodari, siwadanganyi. Nilipiga nikahi ndani ya misikiti yenye taa moja, nikapiga maulidi kwenye mabanda ya makuti, na weusi ulibaki weusi safi bila ya chenga. Watu walinifuata kutoka Mkoani, walinifuata kutoka Wete. Kila aliyenisifu nilimwambia ni kamera, mwenyewe sina langu. Wakaona nina unyenyekevu.

Mzee Shaame ndiye niliyemwambia kwanza, miaka mitatu baadaye, alipokuwa mgonjwa. Nilimweleza chumba, shuka, gunia, aiso, chenga. Nilimweleza kila kitu cha ufundi, kuhusu kufuta nikapita juu juu. Alinisikiliza amelala. Akamtuma mjukuu wake wa kike amletee kamera yake, aina ile ile niliyoitaliki, na stendi. Akaniamuru nifunge dirisha, nimpige yeye mwenyewe pale kitandani, aiso chini kabisa, shata iachwe wazi sekunde kumi.

"Nami ntatulia," akasema, akafumba macho.

Nikapiga. Picha ikatoka safi, na kila kunyanzi la uso wake likahesabika. Akaitazama, akanirudishia.

"Kamera yangu ina macho, Omar. Bwana harusi hutikisika, mtoto hutikisika. Maiti hatikisiki. Stendi yako ilikuwa wapi?"

Nikamwambia ilikuwa nje.

"Basi usiseme tena kwamba ni kamera."

Hakuniuliza jengine. Alifariki mwezi ule ule, na picha ile ya sekunde kumi ndiyo iliyotundikwa kwao. Mimi kila nikienda kumtembelea mjane wake nilikaa upande wa ukuta ule ule, nisikabiliane nayo.

Khabari za Fundo zilikuwa zikinifikia bila ya kuziuliza. Bi Time hakukubali mwanawe asomewe khitma ya maiti. Mwaka wa pili alikuja mtu wa maana kumposa Raya, watu wakamshauri aende kwa kadhi afunguliwe ndoa, Bi Time akalia, Raya akamrudisha yule mtu. Mwaka wa nne wakaacha kumshauri. Sahani ya Haji ilikuwa bado ikitolewa kila futari ya Ramadhani.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, binti yangu Salma alinifungulia programu mpya ya kuondoa chenga, anayoitumia kwa picha za zamani za harusi. Tahadharini nayo. Programu hizi za sasa hubuni, zikikosa kope zinatia kope. Lakini Salma alipotoka, nilitafuta kisanduku cha kompyuta ninamohifadhi picha za zamani, nikaifungua picha ghafi ya yule kijana. Sikutumia ile inayobuni. Nilichukua zote nne, nikazilaza moja juu ya nyengine ili chenga zifutane, nikaongeza mwanga polepole kwa mkono. Kazi hiyo ningeiweza miaka minane nyuma, hakuna jipya ndani yake.

Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na namba saba. Kovu la zamani, limepona, hata alama za uzi zimeonekana. Mkwaruzo wa jiwe ulikuwa umepita pembeni yake.

Nilikaa nayo wiki tatu. Salma akaniona sili, akaniuliza, nikamwambia yote, na hilo la kufuta mara hii sikulipita juu juu. Hakunikemea. Aliichapisha kwa ukubwa wa ukurasa mzima, akaitia bahasha, akasema, "Baba, nitakupeleka mpaka Wete. Kuvuka utavuka mwenyewe."

Bi Time nilimkuta amekaa kwenye kizingiti anachambua mchele kwa vidole. Nilipomsalimia alielekeza sikio. Macho yalikuwa meupe yote mawili, mtoto wa jicho ameshafunga kazi. Sikuwa nimeambiwa. Nilisimama na bahasha yangu mkononi, picha bora kuliko zote nilizowahi kuzipiga kizani, na mtu niliyempelekea haoni.

Nikajitaja. Nikamwambia mimi ndiye mpiga picha wa kule kusini, na kwamba ile picha aliyooneshwa niliifuta, na sasa nimeleta isiyofutwa. Raya alikuwa anatwanga uani. Mchi ukanyamaza.

Bi Time akanyoosha mkono. Nikampa. Akaipapasa karatasi kutoka juu mpaka chini kama anayetafuta kitu kilichoandikwa kwa sindano. Haikuwa na kitu, ilikuwa laini.

"N'ambia weye," akasema. "Mie s'oni. Lipo?"

"Lipo, Bi Time."

"Nyusi ipi?"

"Ya kushoto."

"Limekaa vyereje?"

"Namba saba."

Akaikunja picha mara mbili, akaitia chini ya mkunjo wa kanga kifuani. Hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Miaka minane n'mekuwa namwombea safari njema mtu aliye kaburini," na akaendelea kuchambua mchele ule ule aliokwisha uchambua.

Alimwita shehe wa msikiti wa pale, akaja baada ya Alasiri, akatusomea. Bi Time akamwambia mkwewe aingie ndani, aanze eda, yeye atamtafutia nguo nyeupe. Raya alikuwa ameshasimama kwenda. Shehe akamzuia kwa mkono.

"Kaa, mwanangu. Eda huhisabiwa tangu siku ya kufa mume, si siku ya kupata khabari. Yako ilikwisha zamani."

"Zamani lini, shehe?"

"Miezi minne na siku kumi baada ya kufa mumeo. Tangu hapo ulikuwa huru."

Raya alisimama pale pale, mwanamke wa kukaribia miaka thelathini sasa, unga wa mtama mikononi mpaka viwiko. Nilianza kumwomba radhi. Niliyapanga maneno yale kutoka Mtambile mpaka Wete, na mengi yalikuwa ya kiza, ya chenga, ya aiso. Aliniwacha niyafikishe nusu.

"Mzee," akasema, "mie siku ile n'limjua. Hata bila ya kovu n'limjua. Kumkatalia mama sikuweza. N'likuwa nangoja mtu mmoja aseme, na n'likutizama weye."

Akarudi uani akashika mchi. Nami niliondoka na sauti ya kutwanga nyuma yangu, na niliisikia mpaka pwani.